Punje Kumi na Tisa

Nilipokwenda kwenye kilio cha Nsimire, kule Nyalukemba, mtaa niliokulia, kikapu changu kilikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa maharage, kwa sababu mtu haendi kwenye kilio mikono mitupu. Kingine kilikuwa kopo la nyanya lililoliwa na kutu, ambalo nilikuwa nimechoka kulificha. Mkwe wangu aliponiona nalifunga kwenye kitambaa aliniuliza kama biashara imeshuka mpaka huko. Nikamwambia hili haliuzwi. Akacheka, maana tangu aolewe kwangu hajawahi kusikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu. Nimeuza maharage na mahindi sokoni maisha yangu yote, na wenzangu wananiita Mara Mbili, kwa kuwa kila kitu nakihesabu mara mbili: makopo ya kupimia, ngazi za kupanda kwenda kwa daktari, watu walio ndani ya mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Idjwi kabla sijatia mguu. Mara ya kwanza nahesabu kilichopo. Mara ya pili naangalia nani amekigusa. Wanadhani ni uchoyo. Ni hofu, na hofu hiyo ilianzia kwenye kopo hili.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mambo ya ukoo wetu nayaruka. Walikuwa wengi na walikula sana, inatosha. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na chumba cha mbao, dirisha moja likiangalia ziwa, mlango ukifungwa kwa kamba. Mama alikipangisha kwa mchimba dhahabu wa upande wa Mwenga, mjane, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, aliyetaka watoto wake watatu wasome mjini. Alilala sakafuni pamoja nao siku mbili, akagonga bati kusikia kama linavuja, akarudi msituni. Nsimire alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilimzidi unene, yeye alinizidi maneno. Alivaa kofia ya marehemu mama yake, kofia ya misa yenye ua la plastiki, na hakusema jambo la maana bila kuivaa kwanza. Ukimwona kichwa wazi ujue anaomba maji tu. Mugisho, wa miaka kumi na mmoja, alipima dunia kwa kamba yenye mafundo, na viatu vyake alivining'iniza shingoni ili soli zisiishe, akavivaa mbele ya mlango wa shule. Cito, wa miaka saba, alikusanya funguo. Kufuli hakuwa nayo hata moja. Funguo zilikuwa kumi na moja, na kila kufuli aliyokutana nayo njiani aliijaribu zote, kwa heshima kabisa, akianza kwa kusema “Pardon.” Mama alisema watu wa Mwenga wamemletea wapangaji kumbe wamemletea ba-artiste.

Halafu kulikuwa na kitabu. Nsimire alikiandika kwenye daftari za shule, sisi tunaita kaye, na mpaka mwaka ule ulipokwisha zilikuwa zimefika saba. Kilikuwa kitabu cha upelelezi, na wapelelezi walikuwa wao wenyewe: dada mwenye kofia, kaka mwenye kamba, mdogo mwenye funguo. Walifumbua siri ya kengele ya kanisa iliyolia chini ya maji, na siri ya mbuzi aliyejua Kifaransa lakini akakataa kusema mbele ya wakubwa. Adui yao alikuwa Bwana Mwavuli, mwizi aliyeiba siku. Hakugusa kuku wala nguo kwenye kamba. Aliiba Alhamisi, moja moja, akazitia ndani ya mwavuli wake akaufunga, na ndiyo sababu baba wa wale watoto hakuwahi kufika nyumbani: yeye alisafiri Alhamisi, na Alhamisi zilikuwa zimekwisha. Nilisoma yote, nimekaa kwenye mfuko wa makala, yaani mkaa, mlangoni kwao, lakini si bure. Kila sura nililipia ukoko wa sufuria ya bugali ya nyumbani kwetu, ambao Cito aliupenda kuliko nyama. Baadaye nikaona napunjwa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwemo kitabuni. Nsimire alitaka niwapikie wapelelezi chakula. Mimi nilitaka kuwa mkuu wao. Tulivutana siku tatu, kutoka kisimani hadi jikoni, tukakubaliana katikati: nikawa Mlinzi wa Kopo.

Kopo lilikuwepo kweli, juu ya rafu, chini ya picha ya Bikira Maria. Baba yao hakujua kuandika. Kila alipotuma mzigo kwa dereva wa lori, pamoja na mawese na nyama ya moshi alitia fundo la kitambaa lenye punje za mahindi: punje moja, siku moja kabla hajafika. Dereva alikuwa mzee mwenye mvi aliyelichukua agizo lile kama sakramenti. Kila siku iliyopita akiwa njiani, hata akikwama kwenye matope, alitoa punje moja akaitupa dirishani, ili hesabu isiharibike. Punje ziliwekwa koponi. Kila jioni kabla ya kula Cito alitoa moja akaitupia kuku wetu, na kila Jumapili baada ya misa Mugisho alizimwaga mezani, akazihesabu kwa sauti, akaandika ukutani kwa kaa. Mara mbili baba alituma punje, Noeli na Pasaka, na mara mbili alisimama mlangoni siku ileile kopo lilipobaki tupu. Mama, ambaye hakuwahi kuona mwanamume akishika tarehe, alisema angekuwa kijana angeolewa na yule.

Fundo la tatu lilikuwa kubwa kuliko mengine. Juma baada ya juma lilipungua, na habari kutoka upande ule zikawa mbaya: mvua, mashimo yaliyoanguka, watu waliotolewa na ambao hawakutolewa. Jumatano moja nilikuwa napepeta maharage nje ya dirisha la jikoni, Mama na jirani yetu Maman Furaha wakiwa ndani wanatoa vichwa vya sambaza, wale dagaa wa ziwani. Maman Furaha alisema shimo moja limefunika watu na majina hayajulikani. Mama akasema kwa ile sauti yake ya kupunguza bei kwamba mahindi ya koponi yakiisha na baba asionekane, yeye hana nguvu ya kulisha watatu. Nsimire atampeleka kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Muhumba anayetafuta yaya. Mugisho na Cito watarudishwa kwa baba yao mdogo msituni. Maman Furaha aliuliza kama watoto wanajua. “Bile bitoto binajua hesabu tu,” Mama alisema. “Ngojea kwanza kopo iishe.” Sikumwona Cito, lakini nilisikia funguo zake zikipita nyuma ya ukuta, na jioni ile hakugusa ukoko.

Jumapili iliyotangulia Mugisho alikuwa ameandika tisa ukutani. Kufika Jumapili iliyofuata zingetakiwa kubaki mbili. Alhamisi mchana watatu walipokuwa shuleni, na mimi nimebaki nyumbani kwa homa ambayo haikuwa kali sana, nilikwenda kwenye gunia la Mama jikoni nikachukua punje kumi na mbili. Nilizihesabu mara moja tu. Nilichukua dazani kwa sababu ndiyo hesabu niliyoizoea mkononi, na pia kwa sababu nilimwona Mama kila siku akimaliza kumpimia mteja, kisha akatia konzi moja juu, matabishi, ili mteja arudi. Sikudhani ninadanganya. Nilidhani natia matabishi. Niliingia chumbani mwao, nikanusa mawese na karatasi za kaye, nikatelemsha punje koponi moja moja zisilie, nikatoka na raha kubwa, kama mtu aliyemnyang'anya Bwana Mwavuli majuma mawili kasoro.

Jumapili tulirudi kutoka misa, Mama akabaki nyuma na wanawake wa kwaya. Mugisho akamwaga kopo juu ya meza, akapanga mistari ya tano tano kwa ncha ya kidole. Nilisimama mlangoni nikiisubiri kumi na nne yangu. Mbili za baba, kumi na mbili zangu.

“Kumi na tisa,” Mugisho alisema.

Akazirudia, akianzia upande wa pili. Zikawa kumi na tisa. Cito akasema, polepole kabisa, “Papa alikuya.” Nsimire alikwenda kuchukua kofia. Na mimi, naapa kwa kilio nilichotoka, nilisikia nywele zikinisimama. Kumi na mbili nilizijua. Tano sikuzijua. Nilihesabu kichwani, nikahesabu tena, na kila mara tano zile zilibaki pale mezani bila mwenyewe. Hapo ndipo watu wanaponiuliza, wale wachache niliowahi kuwasimulia nusu ya habari hii, kwa nini sikusema palepale. Ningesemaje? Kama ningekuwa nimetia zote, ningeona aibu, ningesema, tungegombana, yangekwisha. Lakini palikuwa na tano zilizotoka kwa mtu mwingine, na mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kutia siku ndani ya kopo lile nilimjua mmoja tu. Niliamini kuliko Cito.

Mugisho alitenga punje kwa rangi. Mbili zilikuwa ndogo, za manjano, za msituni. Kumi na saba zilikuwa nyeupe, pana. Alikwenda jikoni akaleta moja kutoka kwenye gunia la Mama, akazilaza bega kwa bega, akazipima kwa kamba. Zilikuwa za namna moja. Nilisema, nusu kwa uoga nusu kwa kutaka kusaidiwa, kwamba basi huenda zimetoka humo humo jikoni, mtu yeyote anaweza kuingia.

“Nabintu,” Nsimire alisema, kofia ikiwa imelala upande, “kitabu haiwezi kumalizika mu jikoni ya mwenye nyumba.”

Akauliza Mama anapata wapi mahindi yale. Nikajibu: kwa M'Cibalonza, mwanamke wa kijiji cha Miti anayekuja na kikapu mgongoni kila Jumamosi. Na jana ilikuwa Jumamosi. Na M'Cibalonza alikuwa ameingia kiwanjani kwetu, akanywa maji, akakaa karibu na mlango wao kupumzisha shingo. Nsimire alifungua kaye ya saba akaandika yote. Baba yuko Miti. Kuna kitu kinamzuia asionekane, pengine dhahabu aliyoipata, pengine watu wanaomfuata, na amemtuma mwanamke wa mahindi kuwaongezea siku ili wangoje. Lakini wao si watoto wa kungoja. Niliona wenzake wakitikisa kichwa kukubali, na nikaona jambo ambalo wakati ule nililichukulia kuwa furaha: hakuna aliyemwangalia mwenzake machoni.

Jumatatu asubuhi tulitoka na sare za shule, wanne, nilihesabu mara mbili kwenye lango. Tulivuka mji, tukashika barabara ya Kavumu. Mugisho alihesabu nguzo na viatu vikimpiga kifuani. Cito alijaribu funguo zake kwenye kufuli za maduka mpaka Mudaka, ambako mwenye duka mmoja alimfukuza kwa ufagio, naye akarudi kuomba pardon ya pili. Tulikula viazi vitamu nilivyoiba nyumbani, tukanyeshewa, tukakauka, tukanyeshewa. Nsimire alitembea mbele akitueleza sura inavyokwenda: watafika mbele ya mlango, dada atagonga mara tatu, mdogo atajaribu funguo, ya kumi na moja ndiyo itakayofungua. Nilitaka kumuuliza, na kama ndani hamna mtu? Nikaona ni swali la mtu asiyependa kitabu. Nikajishughulisha na zile tano. Kila nilipotaka kurudi, zilinisukuma mbele.

M'Cibalonza alitukuta uani kwake, alasiri, tumelowa kama kuku. Kwanza alicheka. Nsimire alipomwambia tumekuja kumchukua Papa, akaacha kucheka. Alisema mahindi yake anauzia watu wote wa Nyalukemba, na baba yao yeye hamjui, hata kwa macho. Nsimire akamwambia kwa adabu kwamba wanaelewa ameapishwa asiseme. Mwanamke yule, mtu mzima mwenye kazi zake, angeweza kutufukuza. Badala yake alijifuta mikono, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akasema, “Muangalie, banangu. Muangalie fasi yote.” Akatufunulia vikapu kimoja kimoja, akainua mkeka, akasogeza majembe. Mugisho alipima ukuta ndani na nje kuona kama kuna nafasi iliyofichwa. Cito alikwenda kwenye ghala la mahindi, akatia kichwa kwenye tundu, akaita “Papa,” si kwa nguvu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Ghala lilikuwa limejaa punje nyeupe mpaka juu. Sijaona tena maishani mwangu mahindi mengi namna ile yakiwa hayana maana yoyote.

Alitupikia maharage na ndizi, akatuweka kuzunguka sahani moja. Nilijua ndio wakati wa kusema. Nsimire alikuwa amevua kofia, ameiweka magotini, na nilimwona kwa mara ya kwanza kama msichana wa kawaida aliyechoka. Nilifungua mdomo kusema kumi na mbili ni zangu. Wote watatu waliinua macho. Nikaomba chumvi. Mugisho akaniangalia kidogo zaidi ya inavyohitajika kwa chumvi, kisha akanipa.

Tulirudi Jumanne juu ya lori la kabichi. Mama alikuwa amesimama langoni. Nilijiandaa kwa fimbo, na nilipoona hana fimbo niliogopa sana. Alimshika Nsimire mkono, akatuingiza ndani. Mezani palikuwa na sahani ya mgeni, vichwa vya sambaza pembeni, ambayo Mama hakuwa ameiondoa. Alisema Jumatatu mchana, tulipokuwa njiani, alikuja mwanamume, mwenzake baba yao kazini. Jiwe limempiga baba kiunoni. Amelazwa kule Mwenga, anaongea, anawaita. Mwanamume yule alikuwa na nafasi nne kwenye gari lililokuwa likirudi Jumanne alfajiri. Aliwangoja mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu.

“Alikuwa na hakika ya kubakuta,” Mama alisema. “Baba yenu alimuambia: enda bila woga, juma hii njo punje zinaisha, batoto batakuwa mu nyumba. Banajua kuhesabu.”

Punje mbili. Jumapili na Jumatatu. Hesabu ya baba haikukosea hata siku moja. Asipoweza kuja mwenyewe, alituma mtu ndani ya siku alizoahidi. Kama kopo lingebaki na mbili zake, watoto wale wasingetoka hata kwenda kisimani. Wangekaa mlangoni wamefua sare, Cito na funguo zake, na gari lingewachukua. Gari lililofuata lilipatikana siku ya tano, mvua ilikuwa imekata barabara. Walifika baba amekwisha zikwa. Mimi sikuwepo, sina la kusimulia. Ninachojua ni asubuhi waliyoondoka. Nsimire alikuja jikoni kichwa wazi, akanipa kopo, akasema, “Weye njo mulinzi.” Yaani mimi ndiye mlinzi. Kaye ya saba iliishia mbele ya mlango wa Miti, na kuanzia hapo hakuandika tena.

Walilelewa na baba mdogo, wakarudi mjini wakubwa. Nsimire akawa mwalimu wa darasa la tatu, na kila mwaka, siku za mvua kubwa bati linapozima sauti ya somo, aliwakusanya wanafunzi karibu akawasomea wale wapelelezi, kaye ya kwanza mpaka ya sita. Alinunua maharage kwangu, kwangu tu. Tulivutana bei kama wanawake wawili wanaopendana, tukataniana kuhusu afya za waume zetu. Lakini nilipomaliza kupima na mkono wangu ukarudi kwenye gunia kuchukua konzi ya matabishi, alifunika mfuko wake kwa kiganja. “Kwangu usiongeze,” alisema. “Hata punje.” Kila mara. Miaka yote ile nilirudi nyumbani nikijiuliza anajua nini, na sikuwahi kumuuliza, mimi ninayeuliza bei ya kila kitu.

Na sasa kofia ilikuwa juu ya meza kando ya picha yake, ua la plastiki limekuwa jeupe. Wanafunzi wake walikuwa wameimba na kuondoka. Chini ya turubai walibaki wazee na sahani. Mugisho anapima viwanja, kazi yake ya serikali, na nilimkuta amevua viatu amevipanga chini ya kiti. Cito ni mtunza ghala, ana tumbo, na funguo kiunoni mwake sasa zina kufuli zake. Walinipa kiti katikati yao, wakaniita Ya Nabintu, yaani dada Nabintu, wakaniletea wali na maharage ambayo niliyatambua kuwa yangu. Nikatoa kopo kwenye kitambaa nikaliweka kati ya sahani. Ndani hamna punje tena, fukusi walizigeuza unga zamani. Cito alilitambua kabla sijaondoa mkono.

“Nilitiaka kumi na mbili,” nikasema. “Siku ya Alhamisi. Mahindi ya Mama.”

Nilingoja. Nimeshangoja mambo mengi, wateja, mitumbwi, watoto kuzaliwa. Yale yalikuwa marefu kuliko yote. Cito aliweka kijiko. Alisema, akiangalia kopo, “Tatu ni yangu.” Alikuwa amesikia maneno ya Mama nyuma ya ukuta. Alichukua tatu jikoni, kwa kuwa mfukoni mwake zilienea tatu bila kujulikana. Jumapili Mugisho aliposema kumi na tisa, Cito alizitoa tatu zake kichwani akaona bado zinabaki nyingi, akajua Papa amekuja. “Na ile Jumanne,” alisema, “tangu ile Jumanne ninajua njo miye nilimunyima Papa kutuona.” Alilisema jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja anwani yake. Nilimshika mkono. Ulikuwa mkubwa, kama wa baba yake.

“Moja,” Mugisho alisema.

Tukamgeukia. Aliendelea kula, macho kwenye sahani. Cito akamuuliza ya nini moja, mtu anatia moja. Mugisho akasema alipiga hesabu Ijumaa, akaona Jumapili zitabaki mbili. “Nilitaka tu ikuwe tatu,” alisema. “Mbili ilikuwa kidogo sana.”

Kumi na mbili, na tatu, na moja. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nyeupe zilikuwa kumi na saba. Wote watatu tuliangalia upande wa picha kwa pamoja, na kofia yake, na kichwani nilimwona Nsimire amefunika mfuko wa maharage kwa kiganja.

“Ile ya mwisho ni ya Papa,” Cito akasema haraka.

“Ni ya Nsimire,” Mugisho akasema.

“Unajua je?”

“Yee njo alikuwa anaandika.”

Wakaanza kubishana, kwa sauti ya chini, wanaume wenye wajukuu, mmoja akisema baba alipita kweli usiku ule na kuacha punje moja kwa sababu hakuwa na zaidi, mwingine akimuuliza punje nyeupe mtu wa msituni angeipata wapi. Wanawake wa benchi la mbele waligeuka kuwanyamazisha. Ndipo Cito aliponitazama, na uso ule wenye ndevu nyeupe ulikuwa uleule uliotiwa kwenye tundu la ghala la Miti. “Ya Nabintu, weye njo mulinzi wa kopo,” alisema. “Sema.”

Nilijua jibu, kwa kadiri mtu anavyoweza kulijua. Nilimwambia ni ya Papa.

Cito alishusha pumzi, akachukua kijiko chake. Mugisho hakubisha. Alinyoosha mkono juu ya kopo, akachukua kibakuli cha chumvi, akakisogeza mbele yangu kama kule Miti, na safari hii sikuwa nimeomba.